Njia ya Msituni Kama Darasa: Kufundisha Kazi ya Kujitolea Katika Shule za Magamba, Mpanda

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule ya msingi ya huko Magamba, Mpanda, atawaona watoto kila asubuhi wakitokea msituni mmoja nyuma ya mwingine, miguu imelowa umande wakati wa masika au imejaa vumbi wakati wa kiangazi. Wamefuata njia za miguu, ambazo baadhi yake zina umri mkubwa kuliko shule yenyewe. Njia moja huenda kisimani, nyingine mashambani, nyingine kwenye mizinga ya nyuki, nyingine kwenye machimbo ya dhahabu. Mwalimu naye huzipita kila siku, lakini ni nadra kuona amezitaja katika andalio lake la somo. Akitakiwa kuorodhesha zana za kufundishia, huandika kwamba shule haina.

Katika makala haya tunataka kueleza namna ambavyo njia ya msituni, hasa ile inayopita katika msitu uliohifadhiwa, inavyoweza kutumiwa kufundishia Jiografia, Sayansi na Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na namna wanafunzi wanavyoweza kuongozwa kuitunza kwa kujitolea. Neno hilo la mwisho ndilo lenye matatizo. Tutakawia juu yake, kwa kuwa tumeona kazi nyingi za shule zikiitwa za kujitolea ilhali hakuna aliyeulizwa kama anataka kujitolea.

Msitu tunaouzungumzia

Yafaa kwanza tuondoe mkanganyo. Ukitaja Magamba mbele ya watu wa misitu, wengi hufikiria Magamba ya Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, ambako kuna hifadhi ya mazingira asilia yenye msitu wa mvua, ukungu na baridi. Magamba yetu iko upande wa pili wa nchi, katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Hapa msitu ni wa miyombo: miti iliyoachana kidogo, mitundu na mininga ikiwa miongoni mwake, na nyasi ndefu chini yake. Tathmini ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria misitu yote kuwa hekta milioni 48.1, na sehemu kubwa kabisa ya eneo hilo ni misitu ya namna hii. Kwa hiyo mwalimu atakayejifunza kufundisha katika njia za Magamba hatapotea akihamishiwa Tabora, Rukwa au Ruvuma.

Msitu wa miyombo una tabia moja ambayo somo letu lote linaitegemea. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hukatika kabisa. Nyasi hukauka, majani ya miti mingi hupukutika, na moto hupita. Mvua za kwanza zinaporudi huikuta ardhi ikiwa wazi, haina nyasi wala majani ya kuvunja nguvu ya matone. Wakati huo ndipo njia ya miguu hugeuka mfereji. Mtoto wa Magamba ameliona jambo hili tangu alipoanza kutembea. Tatizo ni kwamba hajapata kuulizwa juu yake darasani.

Nani hutunza msitu na njia zake

Mwalimu hana budi kufahamu, kabla ya kumfundisha mtoto, kwamba misitu haimilikiwi kwa namna moja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Misitu ya taifa husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ile ya vijiji husimamiwa na vijiji vyenyewe kwa njia ya kamati zao za maliasili. Sheria hiyo pia inaruhusu wananchi waishio kando ya msitu wa Serikali kuusimamia pamoja na Serikali.

Mambo haya hayakuanza kwa sheria. Huko Duru-Haitemba, Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa hapo kuwa wa hifadhi ya Serikali. Wananchi walipinga, na baada ya mazungumzo vijiji vinane vikakabidhiwa jukumu la kuutunza mwaka 1994. Vilitunga kanuni, vikaonyesha mipaka, vikachagua walinzi kutoka miongoni mwa wanakijiji. Mlinzi wa msitu wa namna hiyo hutembea kwa miguu, hivyo kazi yake nyingi hufanyika njiani: kufyeka mpaka ili uonekane, kukagua alama, kuzifuata nyayo zisizo za kawaida. Karibu zaidi na Magamba, katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji kadhaa vikiwamo Mwese, Katuma na Lugonesi hulinda misitu ya milima ya Ntakata na kupata fedha kutokana na biashara ya hewa ya ukaa. Hapo kijiji hupata mapato kwa ulinzi wake. Tunautaja mfano huu makusudi, kwa sababu wanafunzi watauliza, na wana haki ya kuuliza: "Mwalimu, kwa nini wao walipwe na sisi tusilipwe?" Mwalimu asilikwepe swali hilo. Kazi ya kila siku ya mtu mzima inayomtoa shambani kwake ni haki ilipwe. Kazi ya mtoto hapa ni kujifunza, na ikizidi kiasi cha kujifunza imekuwa kitu kingine.

Mahali ambapo kujitolea kulikwenda mrama

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alitaka kazi za mikono ziwe sehemu ya masomo, mwanafunzi ajue sababu za anachofanya na ashiriki kukipanga. Katika shule nyingi sehemu ya kwanza ilitekelezwa na ya pili ikasahauliwa. Jembe lilibaki, maelezo yakatoweka.

Mmoja wetu anakumbuka vema. Alikuwa darasa la tano, katika shule ambayo hatutaitaja, nao waliochelewa namba walipelekwa kufyeka ukanda mrefu kando ya msitu. Walifyeka siku tatu. Hakuna aliyewaambia ukanda ule ni wa nini. Mwaka uliofuata hakuna aliyerudi, nyasi ziliota tena, na moto wa Septemba ukavuka kama vile hapakuwahi kufanyika kitu. Ni miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, alipotambua kwamba alikuwa akitengeneza barabara ya kuzuia moto. Anatuambia kwamba mpaka leo harufu ya nyasi zilizokatwa humkumbusha adhabu.

Kisa hiki kina makosa mawili, na la pili halitambuliwi kwa wepesi kama la kwanza. La kwanza ni kufanya kazi ya jamii kuwa adhabu. La pili ni kwamba hakuna aliyerudi. Sisi sote hupenda siku ya kuzindua. Siku hiyo mgeni rasmi huja, ngoma hupigwa, picha hupigwa, na mche hupandwa. Siku ya arobaini baada ya hapo, mche unapohitaji maji, uwanja ni mtupu. Njia ya miguu ni zana nzuri ya kufundishia jambo hili kwa kuwa haina siku ya kumalizika. Ukiitengeneza mwezi Oktoba, mvua ya Desemba itakuonyesha ulipokosea, na ya Februari itakuonyesha tena. Kwa sababu hiyo tunapendekeza somo hili lisipangwe kama kipindi kimoja. Liwekwe katika azimio la kazi la mwaka mzima, vipindi vichache katika kila muhula, na kipindi cha muhimu kuliko vyote kiwe kile cha kurudi.

Kipindi cha kwanza: udongo unakunywa kiasi gani?

Mwalimu achague kipande cha njia kilicho karibu na shule, kisichozidi mita mia mbili, chenye mteremko unaoonekana. Asiwaambie wanafunzi chochote juu ya mmomonyoko. Awaulize tu:

"Maji ya mvua yakianguka hapa njiani yatakwenda wapi? Na yakianguka pale chini ya mti, hatua tano kutoka hapa?"

Majibu yaandikwe kama yalivyotolewa, hata yale yasiyo sahihi. Kisha lichukuliwe kopo kubwa lililotolewa kitako, au kipande cha bomba la plastiki, ambacho ni salama zaidi kwa sababu kingo za kopo hukata vidole. Kididimizwe ardhini kiasi cha sentimita tatu katikati ya njia. Kimiminiwe nusu lita ya maji, na mwanafunzi mmoja ahesabu muda kwa saa mpaka maji yamalizike. Jaribio lirudiwe chini ya mti, kwa kopo lile lile na kiasi kile kile cha maji.

Hatutaandika hapa matokeo, kwa kuwa mwalimu akiyajua kabla atashawishika kuyadokeza. Tofauti huwa kubwa kiasi cha kuwafanya watoto wacheke, na baadhi yao watataka kurudia wakidhani saa imekosea. Warudie. Baada ya hapo mwalimu awaachie wachimbe kidogo kwa kijiti pale chini ya mti. Watakuta majani yaliyooza, mizizi myembamba na vitundu vya mchwa. Njiani watakuta udongo ulioshindiliwa na miguu yao wenyewe. Sasa neno mmomonyoko linaweza kuandikwa ubaoni, maana lina kitu cha kushika.

Kipindi cha pili: fremu ya herufi A

Hiki ndicho kipindi tunachokipenda zaidi, kwa kuwa mafundi waashi wa kijijini wanaweza kualikwa na kwa kuwa zana yake haigharimu kitu. Chukua fito mbili zilizonyooka, zenye urefu sawa wa mita moja na nusu hivi. Zifungwe kileleni, nazo nyayo zake ziachane kwa sentimita 100 kamili. Ufito wa tatu ufungwe katikati kwa ulalo, ili umbo liwe kama herufi A. Kutoka kileleni uning'inizwe uzi wenye jiwe, uvuke ule ufito wa ulalo. Mwashi atawaambia watoto kwamba uzi huo na jiwe lake ni ndugu wa timazi.

Alama ya usawa hupatikana hivi. Fremu isimamishwe juu ya mawe mawili, na mahali uzi unapokata ufito wa ulalo patiwe alama ya mkaa. Kisha fremu igeuzwe, mguu wa kulia uwe mahali pa wa kushoto, na alama ya pili itiwe. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Mwanafunzi wa darasa la tano akiulizwa kwa nini tumegeuza fremu, na akafikiri mwenyewe mpaka akajibu kwamba mawe huenda hayakuwa sawa, amejifunza jambo la kisayansi kubwa kuliko fremu yenyewe.

Sasa twende njiani. Mguu mmoja ukanyage upande wa juu wa njia, na mguu wa chini uinuliwe hewani polepole mpaka uzi uguse alama ya usawa. Mwenzake apime kwa rula pengo lililobaki kati ya mguu huo na ardhi. Kwa kuwa nyayo za fremu zimeachana kwa sentimita 100, kila sentimita moja ya pengo ni asilimia moja ya mteremko. Pengo la sentimita 12 ni mteremko wa asilimia 12. Mtoto aliyekuwa akikariri asilimia kwa mifano ya benki na riba, ambavyo hajapata kuviona, anaishika asilimia mkononi.

Wapime mteremko wa njia, kisha wapime mteremko wa mlima pembeni, kwa kuelekea moja kwa moja chini. Watengenezaji wa njia za miguu wana kanuni waliyoipata kwa uzoefu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima inamopita. Ukizidi, maji yakishaingia njiani hayatoki tena, kwa kuwa kwao njia ndiyo mteremko mwepesi. Wanafunzi watagundua kwamba njia nyingi za Magamba zinaivunja kanuni hii, kwani mtu mwenye ndoo kichwani au gunia begani hupita njia ya mkato. Hapa pana nafasi ya mjadala, nao usiharakishwe.

Kipindi cha tatu: kuhesabu udongo uliokwenda

Ng'ambo na ng'ambo ya njia vipigiliwe vigingi viwili, na uzi ufungwe kati yake ukiwa umelala sawasawa. Kila baada ya sentimita 10 mwanafunzi apime kina kutoka kwenye uzi hadi ardhini. Tuseme wamepata 0, 4, 9, 12, 10, 5 na 0. Jumla ni 40, na tukizidisha kwa 10 tunapata sentimita za mraba 400. Tukichukulia kwamba mfereji una umbo hilo hilo kwa mita 10, yaani sentimita 1,000, udongo uliokwisha kuondoka ni sentimita za ujazo 400,000. Hizo ni lita 400, au ndoo ishirini za lita 20.

Mwalimu awaache wasimame kimya mbele ya hesabu hiyo. Mtoto anayechota maji kila siku anajua uzito wa ndoo ishirini. Ndipo aulizwe: ndoo hizi ziko wapi sasa? Wafuate mfereji mpaka chini, nao wataikuta sehemu yake imejaa kwenye kijito au kwenye kisima.

Vigingi visiondolewe. Tarehe iandikwe pamoja na vipimo vyote, kwani vigingi hivyo ndivyo vitakavyowarudisha.

Kazi yenyewe

Baada ya vipindi hivyo kazi ya mikono ni ndogo, nasi tunaona yafaa ibaki ndogo. Sehemu kubwa yake ni kuweka makinga maji. Kinga maji ni mstari wa mawe, au tuta fupi la udongo ulioshindiliwa, linalokata njia kwa mshazari ili maji yageukie upande wa bondeni na kuingia kwenye nyasi. Likiwekwa moja kwa moja kukingama, maji yatalirukia. Likiwa refu mno kwenda juu, wapitaji watalizunguka na njia itapanuka. Magogo hayafai sana huku kwetu, maana mchwa watayamaliza mapema, tena kukata mti mbichi ili kuutunza msitu ni kichekesho. Mawe ni bora.

Mahali pa kuliweka pasiamuliwe na mwalimu. Wanafunzi wasubiri mvua, kisha mara tu inapokatika na radi zimetulia, watembee njiani waone ni wapi maji yameanza kubeba mchanga. Juu kidogo ya hapo ndipo mahali pake. Mdomo wake wa kutolea maji huziba kwa mchanga na majani baada ya mvua chache, na makinga maji mengi hufa kwa sababu hiyo tu. Kuuzibua huchukua dakika mbili kwa kijiti. Hizo dakika mbili, zinazorudiwa, ndizo kazi kubwa ya mtunza njia.

Tunashauri wasifungue njia mpya kabisa. Ofisa misitu atakayesema kwamba njia nzuri humrahisishia mchoma mkaa mwenye baiskeli ana hoja, na mwalimu asibishane naye. Njia iliyopo tayari ina watu wake. Hao nao waulizwe kabla ya kuziba njia ya mkato yoyote kwa matawi ya miiba: mama anayefuata uyoga, mzee mwenye mizinga, mchungaji anayepitisha ng'ombe. Huenda njia ambayo watoto wameiona ni mbaya ndiyo pekee inayofika kisimani wakati wa kiangazi. Wanafunzi wawili watumwe kwa adabu kwa wazee, wawaamkie, wawaulize njia ile iliitwaje zamani na nani aliianza. Magamba ina watu wa makabila mengi, wenyeji na waliohamia, na majina ya njia yatatofautiana. Yote yaandikwe.

Ruhusa na tahadhari

Hakuna mwalimu anayeruhusiwa kuingiza darasa katika msitu wa hifadhi kwa hiari yake. Barua ipitie kwa mwalimu mkuu, ifike kwa ofisa misitu na kwa serikali ya mtaa au kijiji, na wazazi wajulishwe. Kazi ya kuchoma moto mapema, ambayo wataalamu huifanya mwanzoni mwa kiangazi nyasi zikiwa hazijakauka vizuri ili kuuwahi moto mkali wa baadaye, isiguswe na watoto hata kidogo. Wasibebe mapanga wala mashoka. Mbung'o wapo, nyoka wapo. Katika eneo la Mpanda hatari iliyo mbaya zaidi ni mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi na nyasi zikayafunika. Mwalimu akipite kipande chote yeye mwenyewe, pamoja na mtu anayeifahamu ardhi, siku moja kabla. Panapopita tembo pasichaguliwe.

Nani atakayekuja?

Tumefika kwenye neno tulilolikawiza. Vipindi vya kupima ni masomo, kwa hiyo darasa zima lihudhurie. Kazi ya kuirudia njia baada ya mvua ndiyo ya kujitolea, na hapo mwalimu aseme wazi kwamba asiyetaka hatapunguziwa alama, hatasimamishwa mstarini, wala hatapelekwa kufagia. Kisha ayashike maneno yake. Siku ya kwanza watajitokeza wengi, kwa kumpendeza mwalimu. Ya pili watapungua. Mwalimu mgeni atavunjika moyo na kushawishika kuita majina. Asiite. Wakibaki kumi na mmoja, njia ya mita mia mbili inawatosha kabisa watu kumi na mmoja.

Kuna utaratibu mmoja wa mbali tunaouona unafaa kuigwa. Nchini Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian, yenye urefu wa karibu kilomita 3,500, ipitayo katika majimbo 14. Benton MacKaye alitoa wazo lake mwaka 1921, nayo ikakamilika mwaka 1937. Tangu mwanzo imetunzwa na vyama vya watu wa kujitolea, na siri yao ni nyepesi: mtu hukabidhiwa kipande chake chenye mwanzo na mwisho, naye ndiye hukiangalia. Hasubiri tangazo. Darasani nasi tunaweza kuwapa watoto watatu watatu hatua hamsini za njia, kutoka mti huu hadi jiwe lile. Mvua ikinyesha usiku, watatu hao wanajua ni wapi pa kutazama wanapokuja shuleni asubuhi. Wanapita hapo hata hivyo.

Kila kundi liwe na ukurasa wake katika daftari la njia, linalotunzwa kabatini. Humo huandikwa tarehe, vipimo vya uzi, kinga maji lililozibuliwa, lililovunjika, na jina la aliyeandika. Makosa yasifutwe. Kundi lililoweka kinga maji mahali pabaya liandike hivyo na kuchora, maana ukurasa huo utawafaa wengine kuliko ule wa waliofaulu. Mwalimu akague daftari kama anavyokagua madaftari mengine, asahihishe hesabu na tahajia, lakini asilitolee alama.

Mwishoni mwa mwaka walio darasa la mwisho wataondoka, na mwalimu mwanafunzi huenda ameondoka kabla yao, mazoezi ya kufundisha yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo amtafute mapema mwalimu mmoja wa shule ile atakayelipokea daftari. Wanaoondoka nao waipite njia pamoja na watoto wa darasa la nne, kila kundi likionyesha hatua zake hamsini na kuwafundisha wadogo zao kusimamisha fremu. Vigingi vilivyoliwa na mchwa vibadilishwe siku hiyo hiyo kabla ya uzi kufungwa tena, na kila kigingi kilichobadilishwa kiandikwe, ili vipimo vya mwaka mpya visije vikalinganishwa na mahali pengine.